Lavenda imekataa kuota Mwanza: tatizo ni joto, mbegu, au mimi?

Swali:

"Habari za kazi. Naishi Buhongwa, Mwanza, nyumba yenye uwanja mdogo tu mbele. Mwezi Februari niliagiza mtandaoni pakiti ya mbegu za lavenda, imeandikwa mbegu 100. Nilipanda 60. Nilitoboa vishimo vya kina cha pingili moja ya kidole kama ninavyopanda bamia, nikaweka samadi ya ng'ombe ya kutosha, nikawa namwagilia asubuhi na jioni. Wiki sita zimepita, imeota miche mitano tu. Mitatu kati ya hiyo imelala chini ghafla, shingo imekuwa nyembamba kama uzi. Jirani mmoja anasema lavenda ni ya Ulaya, kwa joto la Mwanza nisahau. Mwingine anasema hizi zilizobaki niziloweke kwenye maji ya moto. Naipenda kwa maua na harufu yake, na nilitaka pia ifukuze mbu dirishani kwa mama mkwe, ambaye siku hizi hapati usingizi. Je, niendelee au niache?"

Jibu:

Dada, pole kwa miche, na hongera kwa kubakiza hizo 40. Wengi wakipata pakiti huimwaga yote siku ya kwanza, inakuja mvua moja, habari inaishia hapo. Wewe una akiba ya kurudia.

Jirani yako wa kwanza amesema nusu ya ukweli. Wa pili amekosea kabisa. Na wewe umefanya makosa ambayo kila aliyezoea mboga huyafanya anapokutana na lavenda mara ya kwanza. Nianze na hayo, kwa sababu ndiyo yaliyokula mbegu zako. Joto la Mwanza nitalirudia, maana lina uzito wake, ila si pale jirani anapodhani.

Kwanza kina. Bamia ni mbegu yenye chakula tumboni. Gramu moja ya bamia haifikishi mbegu 25. Gramu moja ya lavenda ina mbegu kama 1,000. Kitu kidogo namna hiyo kina nguvu ya kusukuma kichwa milimita chache tu, halafu chakula kimekwisha. Tena lavenda huota vizuri zaidi ikiona mwanga. Ndani ya mbegu mna protini iitwayo fitokromu, ambayo ikipigwa na mwanga wa jua hubadilika umbo na kutoa ruhusa ya kuota. Ukiifukia, hiyo ruhusa haiji. Kwa hiyo zile 55 ambazo hukuziona, nyingi pengine hazikufa siku ulipozipanda. Zilikaa gizani zikingoja, mpaka unyevu ukaziozesha.

Jambo la pili ni kwamba mbegu yenyewe imelala. Lavenda tunayoiona kwenye picha, ile ya mashamba ya zambarau, asili yake ni milima ya kusini mwa Ulaya. Huko mbegu hudondoka mwishoni mwa kiangazi chao. Ingeota palepale, mche mchanga ungekutana na barafu na kufa. Ndiyo maana imejiwekea kufuli: ndani yake mna homoni inayoitwa asidi ya absisiki inayozuia kuota, na baridi ya wiki kadhaa, pamoja na unyevu, huipunguza nguvu taratibu huku homoni za kuamsha, jiberelini, zikipata nafasi. Baridi ikishapita, mbegu huchukulia kwamba hatari imekwisha. Sasa mbegu yako iko Buhongwa, inasubiri Januari ya milimani kwao. Itasubiri sana.

Si kila mbegu kwenye pakiti ina kufuli zito. Chache huota hata bila baridi, na hiyo mitano yako bila shaka ni ya kundi hilo, tena ile iliyobahatika kukaa karibu na juu. Lakini ukitegemea hizo tu, utapata ulichokipata.

Maji ya moto yaache. Ushauri huo ni mzuri kwa mlusina na miti mingine ya jamii ya kunde, ambayo mbegu zake zina ganda gumu lisilopitisha maji. Hapo maji ya moto hulegeza ganda. Lavenda haina tatizo la ganda. Ukiimwagia maji ya moto umeipika.

Kuhusu ile miche mitatu iliyolala chini: ugonjwa huo tunauita kinyausi. Si mkono wa mtu, kama ambavyo nimewahi kuambiwa na mama mmoja aliyepoteza kitalu chote cha nyanya usiku mmoja. Ni vimelea vya jamii ya ukungu vinavyoishi kwenye udongo wa kawaida na samadi isiyoiva, vikisubiri mahali penye unyevu usiokauka. Vinashambulia shina pale linapogusana na udongo, linasinyaa, mche unaanguka ukiwa bado wa kijani. Mche ukishalala haunyanyuki tena, na sikushauri ununue dawa kwa ajili ya miche mitano. Kumwagilia mara mbili kwa siku mwezi Machi, mvua za masika nazo zinanyesha, ni sawa na kuvialika vimelea hivyo.

Samadi nayo haikusaidia. Najua inauma kuambiwa hivyo, kwa sababu Usukumani samadi ni mali. Ila lavenda ni mmea wa mawe. Kwao hukua kwenye miteremko ya kokoto na chokaa, maji yanapita tu. Ukiipa shibe hutoa majani laini marefu, maua machache, na mizizi inayooza upesi. Kwa sababu hiyo hiyo usiichanganyie mboji ya magugu maji ambayo watu wa kandokando ya ziwa wanaitengeneza siku hizi. Hiyo peleka kwenye sukuma wiki.

Sasa hizo 40. Leo tuko Aprili, na kwa bahati nzuri huu ndio mwezi wenyewe wa kuanza.

Chukua mchanga wa mtoni wenye chembe kubwa, kiganja kimoja, uuchemshe au uumwagie maji yanayochemka, uache upoe. Uwe na unyevu kidogo: ukiuminya usitoe tone. Changanya mbegu humo, tia kwenye kifuko cha plastiki au kikopo chenye mfuniko, andika tarehe, weka kwenye friji rafu ya katikati kwa wiki nne hadi tano. Friji, si friza. Kama huna friji, muombe mwenye duka la soda akuwekee kwenye kona. Kikopo cha ukubwa wa kiberiti hakimzuii mtu biashara. Umeme ukikatika saa chache usihangaike, mbegu hazihesabu saa, zinahesabu wiki. Ila ziangalie kila baada ya siku chache. Ukiona moja imetoa kinundu cheupe, siku ya kuzitoa zote ni hiyo.

Wakati zinapoa, tengeneza udongo wa kusia. Mimi hutumia mchanga wa chembe kubwa sehemu mbili, maganda ya mpunga yaliyochomwa mpaka yakawa meusi sehemu moja, na udongo wa kawaida uliochekechwa sehemu moja. Maganda utayapata bure kwenye mashine yoyote ya kukoboa. Yachome kwa moto mdogo na uyazime kwa maji yakiwa meusi, usiyaache yawe majivu meupe. Huo mchanganyiko uutie kwenye debe au sufuria kuukuu, nyunyiza maji, funika, upashe moto hadi mvuke utoke kwa nusu saa. Hapo umeua vimelea vingi vya kinyausi kabla mbegu haijafika.

Tafadhali usiende kuchota mchanga ndani ya maji ya ziwa. Ufukwe wetu una konokono wanaobeba kichocho, na kusimama kwenye maji ya kina kifupi ukijaza ndoo ndiyo njia nyepesi ya kukipata. Mchanga wa ujenzi, ule mnene, unatosha. Waombe mafundi ndoo moja, usuuze vumbi litoke.

Chombo kiwe kifupi: kontena la plastiki la chakula linafaa, toboa chini matundu kumi hivi. Jaza udongo, usawazishe, uloweke kwa kuweka kontena ndani ya beseni lenye maji kidogo mpaka juu pabadilike rangi. Kisha mwaga mchanga wako wenye mbegu juu yake, utandaze kwa kidole, bonyeza kidogo zigusane na udongo. Usifukie. Ukitaka kujifariji, nyunyiza mchanga mwembamba sana kiasi kwamba mbegu bado unaziona. Funika kwa plastiki nyeupe inayopitisha mwanga, weka kibarazani penye mwanga wa kutosha bila jua kali la mchana. Kuanzia hapo unamwagilia kwa beseni, kutoka chini, pale tu juu panapoanza kukauka. Mche wa kwanza ukitokeza, ondoa plastiki. Hewa ipite.

Utapanda mwishoni mwa Mei. Masika yanaondoka, Juni na Julai usiku wa Mwanza unakuwa wa baridi kuliko miezi mingine, hewa ni kavu, upepo wa ziwa unapuliza. Mbegu hii hupenda kuota kwenye nyuzi 18 hadi 21 za Selisiasi, na kibaraza chenye kivuli miezi hiyo kinakaribia hapo kuliko uwanja wako wa Februari. Ziwa letu liko mita kama 1,134 juu ya usawa wa bahari. Hatuko Dar es Salaam. Jirani yako anasahau hilo.

Zitachukua wiki mbili hadi nne kuanza, na zitaota kwa kupokezana, si kwa pamoja kama mchicha. Kuna zitakazojitokeza baada ya miezi miwili. Usitupe chombo. Ukipata miche 15 kati ya 40, mimi ningesema umefanya kazi ya bingwa. Na chombo kiweke juu ya meza: mwaka mmoja nilisia trei mbili, nikaziacha chini kwa saa moja, kuku wakaingia wakaoga vumbi humo. Mchanga mkavu na kuku ni marafiki wa zamani.

Mche ukifikisha majani manne hadi sita ya kweli, uhamishie kila mmoja kwenye kopo lake. Ukifika urefu wa kiganja, kata ncha ili utoe matawi. Kabla ya vuli ya Oktoba uamue pa kuukalisha moja kwa moja. Kwa uwanja wako ningechagua chungu cha udongo chenye tundu kubwa, chini ya upenu ambako mvua haimwagikii. Ukitaka ardhini, angalia una udongo gani. Kama ni luseni, ule wa kichanga unaotokana na mawe ya vilima vyetu, una bahati. Inua tuta la urefu wa goti, changanya kokoto, panda juu. Kama ni mweusi wa mbuga, unaopasuka kiangazi na kunata masika, usijaribu, hata ukiuinulia tuta. Luseni mara nyingi huwa na uchachu kidogo, na lavenda haiupendi uchachu. Konzi moja ya majivu ya kuni au chokaa ya kilimo kwenye shimo inasaidia.

Tuje kwenye nusu ya ukweli ya jirani. Kuota utaweza, kukuza utaweza. Kutoa maua ndiko kwenye mashaka, na ningekuwa nakudanganya nikikuficha. Lavenda hii ya Ulaya, Lavandula angustifolia, aina zake nyingi huhitaji kupitia majira ya baridi ndipo zitoe maua vizuri, na siku ndefu za kiangazi cha kwao huzichochea. Sisi tuko nyuzi mbili na nusu kusini mwa ikweta. Tofauti kati ya siku ndefu na siku fupi ya mwaka hapa haifiki nusu saa. Mmea unaweza kukaa miaka mitatu kichaka kizuri cha kijivu chenye harufu, bila ua hata moja, na si kosa lako. Soma pakiti. Ikiwa imeandikwa 'Lady', hiyo ilizalishwa mahsusi itoe maua mwaka wa kwanza kutoka kwenye mbegu, na nafasi yako ni kubwa zaidi. Ikiwa 'Munstead' au 'Hidcote', zinataka baridi. Ikiwa imeandikwa 'Grosso', umeuziwa uongo, kwani 'Grosso' ni chotara tasa. Haina mbegu, huzalishwa kwa vipandikizi tu. Na pakiti yenye picha ya lavenda nyekundu au ya bluu ya wino, hiyo sina la kusema.

Kama maua ndiyo roho yako, kuna ndugu yake, Lavandula dentata, yenye majani ambayo pembeni yana meno meno kama msumeno mdogo. Haidai baridi, na mahali pasipo na majira ya baridi kali hutoa maua karibu mwaka mzima. Harufu yake ina ukafuri kidogo, si tamu kama ya yule wa Ulaya, ila kwa bustani ya Mwanza ndiyo ningeiweka mbele. Hii usihangaike na mbegu. Kwenye vitalu vya maua omba kuona jani kabla ya kununua. Au ukimpata mwenye nayo, mwombe tawi lisilo na ua, urefu wa sentimita 8 hadi 10, nyofoa majani ya chini, chomeka kwenye mchanga wako ule ule wenye unyevu kivulini. Baada ya wiki nne hadi sita lina mizizi. Tena utakuwa na uhakika wa unachokipata, maana miche ya mbegu haifanani: hata mbegu za pakiti moja hutoa mimea ya urefu na rangi tofauti.

Kwa hiyo niendelee au niache? Hizo 40 endelea nazo, gharama yake ni kifuko na subira. Lakini wakati huo huo tafuta tawi la dentata. Ningekuwa na nafasi ya chungu kimoja tu, ningekipa dentata.

Mbu sasa. Mafuta ya lavenda yamo kwenye vitezi vidogo juu ya jani na ua, na hayatoki mpaka kitu kivipasue. Mmea uliokaa dirishani haujaguswa hautoi harufu ya kumzuia mbu kupita. Ukisugua majani kwenye mkono yatasaidia kidogo kwa muda mfupi. Kivumbasi, ambacho bibi zetu hukitumia, ni rahisi zaidi kwa kazi hiyo: mbegu zake nazo zinataka mwanga, lakini hazisubiri baridi ya mtu, huota ndani ya wiki moja au mbili, na kile kikubwa cha kudumu kinatoa maua ambayo nyuki hawaachi. Panda hicho pembeni ya dirisha ukipenda. Chandarua chenye dawa kisiondoke kitandani kwa mama. Kanda ya Ziwa si mahali pa kubahatisha malaria kwa ua.

Na usingizi wake: maua makavu kwenye kifuko chini ya mto hayana ubaya, wengi huyafurahia. Mafuta ya chupa asinywe. Lakini mtu mzima ambaye usingizi umempotea kwa wiki kadhaa ana sababu, yaweza kuwa maumivu, shinikizo la damu, dawa anazotumia, au jambo linalomkaa moyoni. Mpelekeni hospitali aonekane. Hilo lisingoje lavenda iote.

Kuna mambo ambayo sitaweza kuyaona kwa maandishi. Miche ikianza kufa tena hata baada ya kuchemsha udongo, mng'oe mmoja na udongo wake, uufunge kwenye gazeti, umpelekee afisa ugani wa kata yako. Ukitaka kujua uchachu wa udongo kabla ya kupanda ardhini, kituo cha utafiti wa kilimo cha TARI Ukiriguru kiko Misungwi, si mbali na wewe. Kaulize jinsi ya kupimiwa. Wiki ya Nane Nane wataalamu hujaa viwanja vya Nyamhongolo, na hapo unauliza ana kwa ana bila foleni ya ofisi. Ukiagiza mbegu tena kutoka nje ya nchi, waulize kwanza TPHPA, mamlaka ya afya ya mimea na viuatilifu, kuhusu kibali, kwa kuwa mbegu zinazoingia lazima zikaguliwe.

Imebaki miche yako miwili iliyo hai. Usiihamishe leo, mizizi yake bado ni uzi. Acha kabisa kumwagilia asubuhi na jioni. Itolee samadi iliyoigusa shina kwa kijiko, weka badala yake mchanga mkavu wa unene wa kidole kuzunguka shingo, na chomeka vijiti vinne juu yake ufunike kwa plastiki mvua isiipige, pembeni pakiwa wazi. Baada ya wiki tatu, ikiwa imeongeza jozi mbili za majani, ichimbe jioni pamoja na bonge la udongo uiweke kwenye kopo.